Zimwi juu ya Notre-Dame

Kila ninapoutazama mchoro wa chapa wa msanii Mfaransa Charles Meryon uitwao Le Stryge, wa mwaka 1853, jicho langu hunaswa kwanza na zimwi lenye pembe na mabawa, lililoegemeza viwiko kwenye ukingo wa Kanisa Kuu la Notre-Dame, mashavu viganjani na ulimi nje, likiitazama Paris iliyotandazwa chini yake huku ndege weusi wakizunguka angani. Stryge ni kiumbe wa usiku anyonyaye damu, na katika mishororo miwili aliyoichora chini ya picha, Meryon analitaja kuwa ni Uasherati wa milele, usioshiba, unaoumezea mate mji mkubwa.

Ni rahisi kudhani kwamba zimwi hili ni la Zama za Kati. Sivyo. Lilichongwa karne ya 19, wakati msanifu majengo Viollet-le-Duc alipokuwa akilikarabati kanisa, wala halina kazi ya kutema maji ya mvua kama zile sanamu za mifereji ambazo mafundi wa Kigothiki, wajenzi wa Zama hizo za Kati, walizichomoza kutani. Limewekwa pale litazame tu. Kwangu mimi, jambo hili linaiongezea picha uzito, kwa sababu uovu ambao Meryon ameuweka mbele kabisa ni wa zama zake mwenyewe, uliovishwa vazi la kale.

Ukale wa kweli uko nyuma: mnara wa Saint-Jacques, uliojengwa kati ya 1509 na 1523, ambao kanisa lake lilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Unasimama wima juu ya mapaa yaliyobanana, na zimwi linaonekana kuushinda kwa ukubwa kwa sababu tu liko karibu nasi. Hapo ndipo ninapokawia. Mnara wa sala umebaki bila kanisa, ilhali tamaa imepata makao juu ya kanisa lililo zima.

Meryon, ambaye hakuweza kuzitofautisha rangi vizuri na hivyo akajikita katika sindano, shaba na asidi, yaani vifaa vya kuchorea chapa, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton mwaka 1858, na huko ndiko alikofariki mwaka 1868. Wapo wanaolisoma zimwi kama dalili ya ugonjwa wake. Siafikiani nao, kwani kila paa limechorwa kwa mkono mtulivu, na mishororo ile inautaja mji, haimtaji mchoraji.