Kumtafuta Babu Aliyekuja Tanga na Mkonge

Familia nyingi za Muheza, Korogwe na Pangani zina babu mmoja aliyetoka bara kuja kukata mkonge, na nyuma yake habari zinakatika. Yetu ni mojawapo. Babu mzaa baba alikuwa Muha, akaajiriwa kwa mkataba akiwa kijana, hakurudi tena kwao, akaoa Mbondei na akazikwa Muheza. Watoto wake walijua kwamba ametoka Kigoma, na sisi wajukuu tulijua tu kwamba ametoka huko reli inakoishia. Ninaeleza hapa njia ninazozitumia kumfuatilia, kwa kuwa naamini zinaweza kuwafaa wengi ambao wazee wao walihamishwa na kazi, vita, njaa au amri ya serikali.

Miongozo mingi ya kutafuta nasaba inayopatikana kwenye intaneti imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambako jina la ukoo hurithiwa kizazi baada ya kizazi, na mtafutaji akishalipata hulifuata kama mtu anayefuata bomba la maji. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Wachaga wana nafuu, kwa sababu majina kama Mushi, Massawe na Lyimo hubaki katika ukoo na kwa kawaida huelekeza upande fulani wa mlima. Lakini kwa wengi wetu mtoto huitwa kwa jina lake, likafuatiwa na la baba yake na pengine la babu yake, kwa hiyo jina la mwisho la babu silo la baba, na la baba silo langu. Ukitafuta kwa jina peke yake, baada ya vizazi viwili umefika ukingoni.

Kinachofuatilika ni mwendo wa mtu: alitoka wapi, nani alimchukua, alipita njia ipi, alisimama wapi, na nani alimwandika kila aliposimama. Serikali, kanisa, mwajiri na mahakama hawakuwaandika wazee wetu kwa kupenda historia, bali kwa ajili ya kodi, sakramenti, ujira na mirathi. Ukishajua ni nani aliyekuwa na haja ya kumwandika mzee wako, na katika miaka ipi, umekwisha kujua mlango wa kubisha.

Mlango wa kwanza ni wa nyumbani. Kabla ya kuandika barua kwa ofisi yoyote, omba ruhusa ya kufungua makasha na mabahasha ya wazee. Ndani yake hukutwa kadi za TANU, stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo, karatasi za mfuko wa akiba wa NPF ulioanza mwaka 1964, na picha zenye mhuri wa studio kwa nyuma. Kila kimojawapo kina mahali na tarehe, na hivyo viwili ndivyo unavyovihitaji zaidi katika hatua hii. Piga picha pande zote mbili za kila karatasi, kisha irudishe pale pale ulipoitoa. Mzee akiona vitu vyake havipotei, atakukumbusha mwenyewe kwamba liko na kasha jingine.

Katika karatasi zote za nyumbani, ninayoithamini kuliko nyingine haionekani kabisa kuwa ya kihistoria, nayo ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Mtu anapofariki na kuacha mali, hata kama ni shamba dogo na baiskeli, ndugu hukaa na kupendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hicho hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi. Humo huorodheshwa wajane, watoto wa ndani na wa nje ya ndoa, waliotangulia kufa na walioacha watoto, pamoja na wajumbe waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu. Familia ambayo haijawahi kuandika mti wa nasaba yake kwa hiari imeuandika pale, kwa sababu mali ilikuwa inagawanywa na kila mmoja alikuwa macho asisahauliwe. Pale ambapo nakala ya nyumbani imepotea, jalada la shauri huweza kuombwa mahakamani iwapo mwaka unafahamika. Ni kweli kwamba baadhi ya warithi huachwa makusudi, hivyo orodha hiyo isichukuliwe kuwa kamili. Walioachwa watatajwa na wengine, tena kwa sauti kubwa.

Baada ya karatasi ndipo nikaenda kwa wazee, nikiwa tayari na maswali yanayotokana na nilichokisoma. Wengi huanza na wazee, wakauliza swali pana kama "tueleze historia ya ukoo wetu", wakapewa hadithi ya shujaa mmoja aliyeua simba. Mimi huuliza mambo madogo: nani alizaliwa kabla ya nani, nani alimbeba nani mgongoni, nyumba ya kwanza ilikuwa kambi ipi, jirani alikuwa nani. Miaka ya kuzaliwa haikumbukwi, ila mpangilio wa kuzaliwa hukumbukwa vizuri sana, hasa na wanawake. Shangazi yetu mkubwa hajui mwaka wake, lakini anajua kwamba meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka sherehe za Uhuru zilipofanyika, na kwa mtoto hilo ni karibu miaka sita au saba. Basi alizaliwa kwenye mwaka 1954 au 1955. Kila sehemu ya nchi ina vigezo vyake vya kupimia wakati. Wagogo wana Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920. Tanga kuna vita vya Wajerumani na Waingereza vya mwaka 1914. Na takriban kila mahali wazee husema "vita vya Hitla", "Operesheni Vijiji" na "vita vya Amini". Kabla ya mazungumzo nilijiandalia orodha ya matukio ya namna hiyo pamoja na miaka yake, na imenisaidia kuliko kitabu chochote.

Jambo moja katika mazungumzo haya linahitaji uangalifu mkubwa, nalo ni majina ya undugu. Mzee akisema "ndugu yangu", anaweza kumaanisha mtoto wa mama yake, mtoto wa baba yake mdogo, au mtu waliyetoka naye kijiji kimoja. "Baba mkubwa" anaweza kuwa kaka wa baba au binamu wa baba. Wao kwa wao hawachanganyikiwi, kwa kuwa wanajuana. Anayechora mti wa familia ndiye anayepotea. Swali linaloondoa utata ni lile la kizamani: "Baba mmoja, mama mmoja?" Liulize kila mara, kwa adabu, na usichoke ukijibiwa kwa kicheko.

Kutokana na mazungumzo hayo tulipata kwamba babu alifika baada ya vita vya Hitla, wakati bei ya mkonge ilikuwa inapanda. Hilo linaoana na historia inayojulikana. Wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, mwaka 1944, kilichokwenda kuchukua manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika sehemu za mbali, Buha, nchi ya Waha, ikiwa mojawapo, na bei ya mkonge ilifika kileleni mwaka 1951 wakati wa vita vya Korea. Njia nayo inasema kitu. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuunganishwa na reli ya Tanga mpaka ilipojengwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi mwaka 1963, na kwa hiyo vijana hao walilazimika kushuka njiani na kumalizia safari kwa lori au kwa miguu. Baadhi ya wazee waliishia kuoa au kuugua katika vituo vya njiani. Ikiwa mzee wako anasemekana "alipotea Morogoro", huenda hakupotea.

Hata hivyo, kilichotufungulia zaidi ni kitabu cha ubatizo. Kanisa Katoliki huandika ubatizo wa kila mtu katika kitabu cha parokia kwa namba, ndiyo ile inayoanza na LB katika vyeti vyetu, na sheria zake hutaka kipaimara na ndoa vya mtu huyo virudishwe na kuandikwa pembeni mwa mstari ule ule wa ubatizo, hata kama vilifanyika parokia nyingine. Maana yake ni kwamba ukiipata ndoa unaweza kurudi mpaka ubatizo, na ukiupata ubatizo unaweza kusonga mbele mpaka ndoa. Vitabu vya zamani vina maneno ya Kilatini, lakini ni machache na yanajirudia. Katekista mzee wa kigango anaweza kukufundisha. Babu yetu alibatizwa akiwa mtu mzima, karibu na ndoa yake, na mstari wake ulitaja baba yake na pia mama yake, ambaye hakuna hata mmoja wa watoto wa babu aliyewahi kusikia akitajwa. Kwa Waanglikana wa Magila na Walutheri wa Usambara na Kilimanjaro, vitabu vya misheni vina utajiri wao pia. Kwa familia za Kiislamu, ambako hakuna kitabu cha namna hiyo, mimi ningeweka nguvu katika mirathi, nyaraka za wakfu na vyeti vya ndoa, na kwa wenye asili ya Unguja na Pemba ningeanzia Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, Unguja.

Mstari ule ulikuwa na jina la tatu ambalo karibu nilipite bila kulitazama: la msimamizi wa ubatizo. Naye alikuwa Muha. Watu waliosafiri pamoja waliishi pamoja makambini, wakasimamiana katika ubatizo na ndoa, wakazikana. Mara nyingi familia ya rafiki imehifadhi kile ambacho familia yako imekipoteza. Watoto wa msimamizi huyo bado wapo katika shamba la jirani, na tofauti na sisi, baba yao aliwahi kurudi kwao kusalimia. Wao ndio walioutaja mlima na mto wa upande wa Kasulu ambako vijana hao wawili walitoka.

Nimeandika mlima na mto kwa makusudi. Katika Buha, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, jina la kijiji ni ushahidi dhaifu. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu katika makazi mapya ili kupambana na malale; mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha tena kuwaingiza katika vijiji vya ujamaa. Kijiji alichokiacha babu kinaweza kuwa sasa ni pori, na kijiji chenye jina hilo leo kinaweza kuwa kilomita nyingi kutoka pale. Ulizia mlima, mto, na mwami (chifu) au mtwale (mtawala aliye chini yake) aliyetawala. Upande wa Heru, uliokuwa mmojawapo wa uchifu wa Waha, wazee wanamkumbuka vizuri Mwami Theresa Ntare, na kwa kuwa uchifu ulifutwa mwaka 1963, aliyekuwa mtu mzima wakati huo bado anaweza kukwambia mpaka wa mtwale mmoja na mwingine uliishia wapi.

Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam nimeziweka mwisho, ingawa wengi hutaka kuanzia huko. Ukienda bila jina la mahali na miaka ya kukisia utazama katika majalada. Ukienda navyo, vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa kikoloni vitakueleza watawala, koo na mipaka ya eneo lako, ingawa vinazungumzia zaidi nasaba za watawala kuliko za watu wa kawaida, na wanawake karibu hawamo. Jihadhari na kishawishi cha kujipachika katika ukoo wa mwami kwa sababu tu ndio ulioandikwa. Kumbuka pia kwamba mipaka ya utawala ilibadilika: mambo mengi ya Kigoma ya enzi za Waingereza yamo katika majalada ya Jimbo la Magharibi, lililokuwa na makao yake Tabora. Kigoma na Ujiji zilitekwa na Wabelgiji mwaka 1916 na kubaki mikononi mwao hadi mwaka 1921, kwa hiyo anayemtafuta baba wa babu, kama mimi sasa, hana budi kufikiria karatasi za Kifaransa zilizokwenda Brussels.

Kuhusu vipimo vya vinasaba nitasema kidogo tu. Hifadhidata za kampuni zinazouza vipimo hivyo zimejaa zaidi watu wenye asili ya Ulaya, na majibu kwa mtu wa kwetu huishia kutaja eneo kubwa la Afrika Mashariki ambalo alilijua kabla ya kulipa. Tena Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, ni vyema kuisoma kabla ya kutuma mate nje ya nchi.

Kila ninachokipata hukiandika pamoja na aliyekisema, mahali na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, naandika kauli zote mbili bila kuamua, kwa kuwa mara nyingi kila mmoja alikuwa anazungumzia mtu mwingine mwenye jina lile lile. Wajukuu hupewa majina ya mababu, na ukoo mmoja unaweza kuwa na Bukuru wanne. Yako pia mambo yaliyosemwa kwa siri, ya watoto wa nje, ya maradhi, na katika baadhi ya familia za pwani, ya utumwa. Hayo huyahifadhi katika daftari tofauti, na hayaingii katika nakala ninayowagawia ndugu mpaka mwenye habari akubali. Nakala hiyo nimewapelekea pia watoto wa msimamizi, na mkubwa wao amekwisha kunirekebishia jina la mto: paliandikwa l mahali palipokuwa na r, na ndiyo sababu sikuuona kwenye ramani.