Doa la Kijivu: Nilivyoinasa 67P kwa Lenzi ya Mtumba

Naanza na jamaa mmoja ambaye simtaji jina. Mwishoni mwa Oktoba 2021 nilimwuliza nianzie wapi kuipiga picha nyotamkia 67P/Churyumov-Gerasimenko. Akanijibu kwa maswali. Una mtambo wa kufuatisha nyota? Sina. Una darubini? Sina. "Basi, ndugu yangu, subiri itakayoonekana kwa macho matupu." Akarudi kwenye darubini yake ya sentimita 20, ile inayojielekeza yenyewe ukibonyeza jina, na mimi nikarudi nyumbani nimevimba kama andazi.

Nilichokuwa nacho ni kamera ya zamani yenye kihisi kidogo, lenzi ya mtumba ya milimita 135 iliyokwaruzika ukingoni, na stendi ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira. Bei ya lenzi siiandiki hapa, kwa sababu nyumbani niliitaja nusu.

Kwa nini 67P na si nyingine? Kwa sababu niliifuatilia tangu Agosti 2014, chombo cha Ulaya kiitwacho Rosetta kilipoifikia baada ya safari ya miaka kumi. Tarehe 12 Novemba mwaka huo kikamshusha juu yake mtoto wake, chombo kidogo cha kutua kiitwacho Philae. Mikuki yake ya kujishikiza ardhini ikagoma kufyatuka, naye akadunda mara mbili kabla ya kutulia kivulini mwa jabali. Sasa mwaka 2021 nyotamkia hiyohiyo ilikuwa inapita kama kilomita milioni 62 kutoka kwetu, na siku ya kuwa karibu zaidi ilikuwa 12 Novemba, miaka saba kamili tangu Philae adunde. Nisingeiacha ipite hivihivi.

Tatizo ni ufifi. Ilikuwa daraja la 9 hivi. Kwenye vipimo vya nyota, urithi wa Wagiriki, namba ikipanda mwanga unashuka, na kila daraja ni mara mbili na nusu. Jicho zima kwenye giza zuri huishia daraja la 6, kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu hafifu mara 16 hivi kuliko nyota ya mwisho unayoweza kuiona. Tena nyota ni nukta. Mwanga wa nyotamkia umetandazwa. Ni kama kijiko kimoja cha maziwa ndani ya ndoo ya maji: maziwa yamo, lakini hebu niambie yako wapi.

Usiku wa kwanza nilikuwa nje kabla ya alfajiri ya tarehe 6 Novemba. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tu nyuma, giza safi. Kundi la nyota la Mapacha, ilimokuwa 67P, liko juu, na nyota zake mbili kuu, Castor na Pollux, wanang'aa kama macho ya paka. Kufokasi nilikuwa nimefanya jioni kwa kuzungusha pete ya lenzi hadi kwenye alama ya umbali usio na mwisho, kama kitabu cha kamera kinavyosema. Usifanye hivyo. Alama ile ni mapambo. Nilipiga picha mia mbili za madonge, nyota zote zimevimba, ndipo nikashtuka. Ikabidi nimkuze Pollux kwenye kioo cha kamera mara kumi na kuizungusha pete kidogokidogo hadi abaki nukta, kisha nikaifunga pete kwa gundi ya karatasi isitikisike. Mpaka leo ile gundi ipo.

Bila mtambo wa kufuatisha, ukiacha lenzi wazi kwa muda mrefu nyota zinakuwa michirizi, kwa kuwa Dunia inazunguka. Kwa lenzi yangu kikomo kilikuwa sekunde mbili. Sekunde mbili hazikupi kitu, ila ukiwa nazo mia sita ukazilundika kwenye programu una dakika ishirini za mwanga, na punje za kelele, yaani vidoadoa ambavyo kamera hujitungia yenyewe gizani, zinajifuta zenyewe kwa sababu kila picha ina zake. Kila baada ya dakika kumi nililazimika kuisogeza kamera, maana Mapacha walikuwa wanatoka nje ya fremu. Mguu wa mpira ulilalamika kila mara.

Basi, asubuhi nikalundika. Na ikatokea! Kitu cha mviringo, kinene kuliko nyota za jirani, rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Nilikuwa nimesoma kwamba nyotamkia huwa za kijani. Nikapiga kelele, mdogo wangu akatoka chumbani akidhani kuna nyoka. Nikaizungushia duara jekundu, nikaituma kwa kila mtu ninayemjua. Watu wakanipongeza. Shangazi akaandika "Hongera mwanasayansi wetu." Nilitembea siku nzima kama niliyeteuliwa waziri.

Kesho yake alfajiri nikapiga tena, nijionyeshe. Kitu changu kilikuwa palepale. Si karibu na palepale, palepale hasa, katikati ya nyota zilezile. Nikapiga mluzi mdogo wa huzuni. Nyotamkia iliyo karibu hivyo huhama angani zaidi ya upana wa Mwezi kwa siku moja. Kisichohama si chenyewe. Nikafungua ramani ya nyota, kazi ambayo mtu mwenye akili angeanza nayo, nikakuta nimeipiga picha NGC 2392, gamba la gesi lililotemwa na nyota inayokufa. Mwanafalaki William Herschel aliiona tangu 1787. Nilikuwa nimechelewa miaka 234.

Ile rangi ndiyo iliyonidanganya. Kijani cha gamba lile kinatoka kwa oksijeni iliyochunwa elektroni, na kijani cha nyotamkia kinatoka kwa kaboni, atomi mbilimbili zilizoshikana. Kwenye kioo cha kamera vinafanana kama mapacha, tena ndani ya Mapacha. Na kuna dhihaka zaidi: 67P ni miongoni mwa nyotamkia zenye upungufu wa kaboni ya aina hiyo. Yenyewe ina vumbi, na vumbi linarudisha tu mwanga wa Jua. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kijani kwenye kitu cha kijivu.

Nilijifariji kwa hadithi ya wenyewe walioigundua 67P. Mwaka 1969 Svetlana Gerasimenko alipiga picha kwenye bamba la kioo huko Alma-Ata, Kazakhstan, akifuatilia nyotamkia nyingine, Comas Solà. Mwenzake Klim Churyumov alipolikagua akaona kitu kilichofifia, akadhani ndiyo hiyohiyo waliyoifuata. Baadaye akagundua kwamba mahali hapalingani: kilikuwa karibu digrii mbili pembeni ya ilipotakiwa kuwa Comas Solà. Kosa lake likazaa nyotamkia mpya yenye jina lake. Langu lilizaa ujumbe wa kuwaomba radhi ndugu, na shangazi hajanijibu mpaka leo.

Sasa hapa ndipo ninapojisifu kidogo. Nilijiambia, kama kosa langu lilifichuliwa na kutosogea, basi nitaitafuta kwa kusogea. Niache kutafuta kitu kinachong'aa. Mawingu yalininyima siku mbili, lakini alfajiri ya tarehe 10 nilipiga kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi. Umande ukaanza kuivamia lenzi, nikaivisha soksi ya mpira iliyokatwa kidole na ndani yake nikapachika kichupa cha maji ya moto. Kilinusuru usiku ule, ingawa picha moja ya soksi ile imenizalishia utani usioisha.

Nikachukua dakika kumi za mwanzo nikazilundika peke yake, na dakika kumi za mwisho peke yake. Nikazipanga nyota zilingane, kisha nikaziweka picha mbili hizo juu ya nyingine na kubonyeza: ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili. Mwanafalaki Clyde Tombaugh aliipata Pluto namna hiyo mwaka 1930, ila yeye alikuwa na mashine ya kupepesa mabamba na mimi nina kitufe cha mshale. Nyota zote zimetulia kama misumari. Dakika ya tano hivi ya kubonyeza, karibu na kona, doa moja la kijivu ambalo nisingeligeukia hata kwa bahati likaruka. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Pikseli kama ishirini tu. Mikono ilianza kunitetemeka.

Safari hii sikupiga kelele. Nilikwenda kwanza kwenye ramani. Ilikuwa pale inapotakiwa kuwa, si mbali na Pollux.

Ila nilipozilundika picha zote za saa moja na nusu, doa likageuka mnyoo. Bila shaka: programu ilikuwa inazipanga picha kwa kufuata nyota, na nyotamkia inatembea kati yao. Programu hiyo, DeepSkyStacker, ina hali maalumu ya nyotamkia. Unaionyesha kichwa kiko wapi kwenye picha ya kwanza, ya mwisho na ile ya kulinganishia, yenyewe inapiga hesabu ya njia. Hapo nyota ndizo zinazokuwa michirizi. Nilipomaliza, kichwa kikakaza na upande mmoja ukachomoza mkia, mfupi, kama pumzi kwenye kioo baridi. Nikageuza picha iwe nyeusi juu ya nyeupe, maana jicho huona doa jeusi kwenye karatasi kirahisi zaidi, na mkia ukarefuka maradufu. Nikarudi kwenye picha za usiku wa kwanza, zile za aibu. Ilikuwamo. Pembeni kabisa, nimeikata nusu nikipamba NGC 2392 katikati.

Nilimpelekea picha yule jamaa. Akakaa kimya, kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe hajaiona. Darubini yake ya kujielekeza ilikuwa inampeleka mahali patupu kila usiku. Tulipochungulia kumbukumbu yake tukakuta ina takwimu za njia ya 67P za mwaka 2015. Sayari ya Mshtarii (Jupita) huivuta nyotamkia hii na kuibadilishia njia: mwaka 2015, ilipolikaribia Jua zaidi, ilipita mbali nalo mara 1.24 ya umbali wa Dunia na Jua, mwaka 2021 ikapita 1.21. Mashine ilikuwa inaitafuta kwenye njia ya zamani. Watu hununua darubini ya thamani ya pikipiki halafu wanashindwa kupakua faili.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 tukasubiri Mwezi uzame, nikamwelekeza mimi. Nyota kwa nyota, kwa kutumia picha yangu. Alitazama kwa muda mrefu akasema hamna kitu. Nikamwambia asiikodolee, atazame pembeni yake kidogo, sehemu ya jicho inayohisi gizani ndiyo iko huko, halafu nikaligonga bomba la darubini kwa kucha. Kitu hafifu kikitikisika ubongo hukikamata. "Eh," akasema. Baadaye na mimi nikaiona kwa jicho langu: ukungu usio na rangi, unaokuja na kupotea, kama kitu unachokumbuka nusu.

Picha iliyokamilika nilimwonyesha mama. Akaitazama, akapangusa kioo cha simu kwa kanga yake, akaitazama tena. Nikamweleza kwamba hilo si vumbi la simu, kwamba katikati yake kuna mwamba wa barafu wa kama kilomita nne, na juu ya mwamba huo wamelala Philae na Rosetta yenyewe, aliyetuliwa hapo mwisho wa kazi yake Septemba 2016.

"Wote wawili wamewaacha huko?"

"Wote wawili, mama."

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akawa anawatafuta.