Pesa Iliyolala

Mapema mwaka 2024 niliuza ploti yangu ya Ruai ili niruhusiwe kuendelea kuishi na mume wangu. Watu wa nyumbani walidhani nimerogwa. Ploti niliinunua 2014 kwa pesa za kazi yangu mwenyewe, shilingi 850,000 zilizolipwa kidogo kidogo, kabla hata sijamjua huyo mume.

Ukiolewa na raia wa Uingereza na kuombea viza Nairobi, ya kwanza unayopewa ni ya miezi 33. Kabla haijaisha unaomba nyongeza ya miezi 30, ukiwa kulekule Uingereza, na unaulizwa upya kana kwamba hamjuani: kipato kiko wapi? Kiwango chetu cha chini cha kipato kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Tulipooana mume wangu alikuwa akikipita bila wasiwasi. Kisha mgongo ukamsumbua, saa zake za kazi zikapunguzwa, mshahara ukashuka hadi pauni 16,600. Mimi nilikuwa nimeacha kazi kulea mtoto.

Pauni 2,000 pungufu. Utasema si kitu, mtu anaweza kuziba. Lakini ukitaka kuziba pengo la mshahara kwa akiba, unalizidisha kwa mbili na nusu, kisha unaongeza 16,000 juu yake. Ikawa tunadaiwa pauni 21,000 ambazo hatukuwa nazo, na ambazo zilitakiwa ziwe zimekaa kwenye akaunti yetu miezi 6. Za mkopo hazihesabiwi kabisa.

Wakili wetu wa uhamiaji alinieleza kwamba kwa kuwa mtoto ni raia, hawatanitoa kirahisi. Ila nikikosa kiwango ningehamishwa kutoka njia ya miaka 5 ya kufikia ukaazi wa kudumu hadi ile ya miaka 10, huku kila miezi 30 nikilipa ada upya. Na mwezi Februari 2024 ile ada ya matibabu anayotozwa mwombaji viza, peke yake, ilikuwa inapanda kutoka pauni 624 hadi 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Nilipiga hesabu ya miaka 10 nikaikunja karatasi.

Kaka yangu aliposikia, alifungua kikundi cha WhatsApp usiku huohuo. Hadi asubuhi mjomba alikuwa ameahidi, chama cha Mama kimeahidi, hata jirani wa zamani wa Buruburu ameweka jina. Hivyo ndivyo tulivyosomeshwa na ndivyo tulivyomzika Baba. Nikawapigia kuwashukuru na kuwaeleza kwamba mchango unakubalika, lakini lazima ukae miezi 6 bila kuguswa ndipo uhesabiwe, na viza yangu inaisha mwishoni mwa Aprili.

“Zikae miezi sita zikifanya nini?” Mama akauliza.

“Zikikaa tu, Mama.”

“Na mtu akiugua?”

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipoona ugumu wa jambo lenyewe. Sisi hatukuwa maskini kiasi hicho. Ukijumlisha pesa zote zinazozunguka kwa ndugu zangu kwa mwaka, hizo 21,000 zinapatikana. Lakini zinazunguka. Leo ni karo ya mtoto wa dada, kesho ni zamu ya mtu kwenye chama, keshokutwa ni deposti ya hospitali. Kanuni ile ilimtaka mtu aonyeshe pesa isiyo na kazi na isiyo na mwenyewe mwingine, na kwetu pesa ya namna hiyo sijawahi kuiona.

Isipokuwa ardhi. Wakili aliniuliza kama nina mali yoyote kwa jina langu, maana pesa zilizotokana na kuuza nyumba au kiwanja hazihitaji kungoja miezi 6, mradi uwe ulikimiliki tangu mwanzo wa kipindi hicho na uwe na hati za kuthibitisha. Nikamwambia ninayo ploti, futi hamsini kwa mia.

Januari nikatua Nairobi na mtoto mgongoni. Kila niliyekutana naye alikuwa na habari za 29,000. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza Desemba kwamba kiwango kitapandishwa; kwanza wakasema 38,700, baadaye wakasema itaanza na 29,000 tarehe 11 Aprili. Binamu yangu, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Malaba, alinihakikishia nimekwisha. Ilinibidi nieleze kila kikao cha chai kwamba walioanza njia hiyo mapema wanabaki na 18,600. Hakuna aliyeniamini, na usiku nami nilikuwa nikifungua simu kuhakikisha.

Nilitaka milioni 5. Madalali wa Kangundo Road walinicheka. Aliyekuja na nia ya kweli alikuwa mwalimu wa sekondari, mtaratibu, aliyekagua vigingi vyote vinne huku akiandika kwenye daftari. Akatoa milioni 4.2, asilimia 10 papo hapo, iliyobaki kwa mkopo wa sacco yake.

Tulitia saini kwa wakili wa mjini. Ndipo nilipofanya hesabu kamili. Kodi ya faida ya mtaji ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka uliotangulia, hivyo karibu nusu milioni ingeenda huko. Ukitoa na ada za wakili, ningebaki na kama milioni 3.65. Wakati huo pauni moja ilikuwa inakaribia shilingi 204. Nikagawanya: haifiki 18,000. Ploti imeondoka na pengo halijazibika.

Mume wangu akasema kwenye simu tuendelee tu, labda kitu kitatokea. Nilikasirika sana. Huyo ni mtu anayepanga safari ya sokoni siku mbili kabla, leo ndiye anayeniambia kitu kitatokea.

Kisha sacco ikachelewa. Mdhamini mmoja wa mwalimu alijitoa, akatafutwa mwingine. Mwingine naye akawa safarini. Huku upande wa kuhamisha hati, tukaambiwa mtambo umelala, njoo kesho. Nilimpigia mwalimu hadi nikaona aibu.

“Mwalimu, shikamoo. Ni mimi tena.”

“Marahaba, mama. Bado. Lakini usijali.”

Nilijali. Lakini katikati ya Februari, wakati sisi tunahangaika na wadhamini, serikali ya Kenya iliuza Eurobondi, hati ya mkopo wa nje, ya dola bilioni 1.5 ili ianze kulipa ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Kwa miezi watu walikuwa wamehofia nchi itashindwa kulipa. Hofu ilipoondoka, shilingi ikainuka. Dola iliyokuwa karibu 160 ikaanza kuporomoka, na pauni nayo ikashuka: 190, 180, 170. Waliokuwa wakitumiwa pesa kutoka nje walilia. Kaka yangu, anayelipwa kwa dola, alinuna wiki nzima. Mimi nilikuwa nikiamka alfajiri kuangalia bei kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini, nikiomba isirudi ilikotoka, maana wanaopitia maombi hutumia bei ya siku ile unayotuma ombi.

Mwalimu alimaliza kulipa mwishoni mwa Machi na kuniomba radhi kwa kunichelewesha. Nilimwambia Mungu ambariki, na ambariki pia yule mdhamini aliyejitoa. Hakuelewa.

Nikarudi na bahasha ya vyeti: nakala ya hati, mkataba wa mauzo, barua ya wakili inayotaja bei, risiti ya kodi, taarifa ya benki. Tulituma ombi Aprili pauni ikiwa kama 165, na milioni zangu tatu na ushee zikasomeka zaidi kidogo ya pauni 22,000. Ada ya ombi 1,048, ya matibabu 2,587 na nusu. Hizo tuliziweka kwa kadi ya mkopo, kwa sababu akiba ilikatazwa kuguswa.

Siku iliyofuata kaka yangu alipiga. Alikuwa amejisomea kanuni mwenyewe.

“Wewe, si pesa inatakiwa iwepo siku ya kutuma tu? Jana mmetuma.”

“Ndiyo.”

“Basi sasa haina kazi. Kuna gari naliangalia hapa Kiambu Road.”

Nikamweleza kwamba baada ya miezi 30 tutaulizwa tena, ukaazi wa kudumu, na safari hiyo pengo halizidishwi, ni 16,000 na hilo pengo lenyewe tu, 18,000 jumla.

“Kwa hiyo 4,000 ni za bure,” akasema.

Nikamtumia 1,500. Gari hakununua, alilipa karo ya watoto wa dada.