Masika ya Mkonga, Unga Limited

Arusha tunaziita mkonga, zile Land Cruiser ngumu zenye bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Yangu ilikuwa HZJ75 ya mwaka 1994. Niliinunua mwanzoni mwa 2014, ikiwa imebeba watalii kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyokuwa na leseni. Bei ilikuwa nzuri, na kila aliyeisikia injini ikinguruma alielewa kwa nini.

Injini yenyewe ni 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na kompyuta wala tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa ya ziada. Sisi madereva wa porini tunaipenda kwa sababu haina mambo mengi. Umeme ukifika kwenye pampu na mafuta yakifika kwenye noozeli, inawaka. Ukikwama Mugumu au Loliondo hutakosa mtu aliyewahi kuifungua. Lakini ile yangu, siku ya kwanza kuipandisha ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, ilikwenda kwa gia ya pili huku moshi wa bluu ukifunika barabara nyuma yangu, na Hiace ya abiria ikanipita. Kwa dereva wa safari, kupitwa na Hiace kwenye mlima ule ni habari itakayofika kijiweni kabla yako.

Masika ndiyo msimu wa gereji. Aprili na Mei wageni hupungua, njia za Ndutu zinageuka tope, na kila mwenye gari bovu analisogeza Unga Limited, mtaa wetu wa gereji. Nami nikalisogeza, kwa mzee mmoja niliyeelekezwa na wenzangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hilo limekuja kutibiwa au kuzikwa?”

Akaniambia niwashe. Akafungua kifuniko cha kumiminia oili, akakigeuza kichwa chini na kukiegesha juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikaanza kurukaruka, moshi ukipenya pembeni. Sijui kipimo kilicho rahisi kuliko hicho: ringi, yaani pete za pistoni, zikiwa nzima, gesi ya mlipuko inabaki juu ya pistoni, zikiisha, inashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kutafuta pa kutokea. Baadaye vijana wake walichomoa hita plagi zote na kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda moja baada ya nyingine. Ya tano na ya sita zilikuwa hoi.

Nilitegemea kuambiwa injini imezeeka. Badala yake mzee aliiacha, akaanza kufuata njia ya hewa kwa kiganja, kutoka juu ya mkonga, kupitia fenda, hadi kwenye boksi la chujio. Mkonga ulikuwa mzima. Chujio lilikuwa jipya. Tatizo lilikuwa mbele ya hapo: mpira unaotoa hewa kwenye chujio kuipeleka kwenye injini ulikuwa umepasuka upande wa chini, kule jicho lisikofika, na mtu fulani alishawahi kuuzungushia solotepu nyeusi akaendelea na safari zake. Mzee akaingiza kidole ndani ya mpira, akanionyesha vumbi la kijivu, laini kama poda ya mtoto.

“Hii haijazeeka, mwanangu. Imekula Olduvai.”

Anayeijua barabara ile anaelewa. Wakati ule lami ilikuwa inaishia Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro. Kutoka hapo unapanda ukingo wa kreta, unateremka upande wa pili, kisha ni vumbi tupu kupita Olduvai mpaka Naabi, lango la Serengeti. Na vumbi la kule si la udongo wa kawaida. Tambarare zile zimejengwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na ya Ol Doinyo Lengai, ambao ulimwaga majivu tena mwaka 2007 na 2008. Ni chembechembe ngumu zenye makali. Zikichanganyika na oili ukutani mwa silinda, kila mzunguko wa injini ni msasa.

Hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, ilipoinuliwa, msasa huo ulionekana. Silinda nzima huwa na michirizi midogo inayopishana, iliyochorwa na mawe ya mashine ya kuhoni, yaani ya kusugulia silinda, na ndiyo inayoshika oili. Humo hapakuwa na mchirizi hata mmoja. Juu kabisa, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ukipitisha ukucha unanasa kwenye ngazi. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 94. Karakana ya kuchonga ikapima, ikasema hakuna ujanja, ni kwenda saizi ya kwanza, yaani nusu milimita zaidi, na pistoni mpya za kulingana nayo. Nikapiga hesabu kwenye simu: kwa silinda sita, nusu milimita hiyo inapandisha ujazo kutoka sentimita za ujazo (cc) 4,164 hadi karibu 4,208. Nikamwonyesha mzee.

“Umeona? Umeshaongezewa injini bure. Sasa nenda kalipe ya kuchonga.”

Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa bahati ilikuwa bado ndani ya vipimo. Ilisuguliwa tu, ikapewa beringi mpya za saizi ileile.

Ubishi ulianzia kwenye tabo. Nilikuwa naitamani tangu siku ya ile Hiace. Dalali mmoja wa injini za mtumba kutoka Dubai alikuwa hachoki kunipigia, akitaka niachane na 1HZ kabisa anipe 1HD-T, ndugu yake yenye tabo ya kiwandani, inayochoma mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Ni injini tamu, sikatai. Mzee akauliza maswali mawili: beringi za konrodi, zile fito zinazounga pistoni na krenki, za hiyo injini zilibadilishwa lini, na ikinisimamisha Lobo, kaskazini mwa Serengeti, spea nitapata kwa nani? La kwanza dalali hakuwa na jibu. La pili jibu nilikuwa nalo mwenyewe, na halikunifurahisha.

Lakini kufunga tabo kwenye 1HZ nako hakukumpendeza. Injini hii huwashia mafuta kwenye vichumba vidogo ndani ya hedi, ndipo moto unachomoka kuisukuma pistoni. Ni mfumo mtulivu na hauchagui sana mafuta, ila hedi inabeba joto jingi. Ukisukuma hewa na dizeli kwa pupa, nyufa zinaanza kati ya valvu. Na kama kumuunga mkono, hedi yetu ilipotiwa presha na kuzamishwa majini ilitoa vipovu karibu na silinda ya tano, tena bila tabo yoyote. Hedi mpya ikala pesa niliyokuwa nimeitengea bodi.

Hoja yangu ilikuwa moja na sijaibadilisha mpaka leo. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; ukingo wa kreta uko kwenye 2,300 hivi. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, maana kule juu hewa ni nyepesi. Nguvu za farasi 130 hivi zinazotajwa kwenye vitabu si za kule. Ukingoni, ukiwa na wageni, mabegi na katoni za maji, unaendesha farasi mia moja. Sikutaka gari la mashindano. Nilitaka kurudishiwa kile ambacho mlima unakichukua.

Mzee alikaa kimya akifuta mikono kwa tambara lenye dizeli. Halafu akakubali, kwa amri zake. Presha ya tabo isizidi psi 7 (pauni kwa inchi ya mraba). Ekzosi iwe ya inchi tatu. Geji ya joto la moshi ifungwe mbele ya macho yangu, na kichwa chake kinachopima joto kikae kabla ya tabo, si baada yake. Nyuzi 650 ndio mwisho. Skrubu ya kuongeza mafuta kwenye pampu hataigusa mpaka geji iwe inasoma.

Kilichotusumbua hakikuwa tabo yenyewe, ila bomba la kurudisha oili. Oili huingia kwenye tabo kwa presha, lakini inatoka ikiwa povu na kurudi kwa kushuka tu. Bomba likiwa jembamba, au likipanda kidogo mahali popote, oili inajaa na kutafuta njia kwenye sili, na watu wanasema tabo imekufa. Kijana alichomelea shingo ya bomba kwenye sampo. Mzee akapima kwa kidole, akasema imekaa chini ya usawa wa oili. Ikakatwa, ikachomelewa upya juu zaidi. Gari lilikuwa langu, ila kwa wakati ule injini ilikuwa yake, nikanyamaza.

Taimingi belti iliwekwa mpya, ingawa ile taa ya dashibodi inayowaka kila kilomita 100,000 ilikuwa bado haijawaka. Akazungusha krenki kwa spana raundi mbili kamili, polepole, akisikiliza kama kuna kitu kinagusa kitu. Kisha akachomoa waya wa solenoidi kwenye pampu ili mafuta yasipite, akapiga stata kwa vipindi mpaka taa ya oili ikazimika, ndipo akaurudisha waya. Ilishika kwa moshi mweupe uliowatoa nje majirani wenye gereji zao, ikatetemeka, ikatulia.

Alinikataza kuiacha ikiunguruma bure, akanikataza pia kuikimbiza. Ringi mpya zinataka mzigo ili zikae vizuri ukutani. Nikampakilia shemeji yangu saruji mpaka Babati, naye akadhani ni wema.

Mwezi Juni nikapata wageni wa Serengeti. Mto wa Mbu nilipanda kwa gia ya tatu. Baada ya Lodoare, kwenye zile kona za ukungu, geji ilisoma 500, ikafika 580, ikagusa 640. Nikalegeza mguu, ikashuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tabo nyingi za mjini zinaua hedi: mguu hauoni joto, na injini yenyewe hailalamiki mpaka maji yameshaanza kupungua kwenye rejeta.

Kijiweni habari zikaenea. Dereva mwenzangu akapeleka lake kwa mzee, akataka afungiwe tabo kama yangu ila ya psi 15.

“Hedi ya pili unayo?”

“Sina, mzee.”

“Basi kanunue kwanza, uje nayo, nikufungie vyote siku moja.”

Aliondoka akicheka. Baada ya wiki kadhaa alirudi, akafungiwa ya psi 7 na mpira mpya wa hewa.