Ukifuta faili kwenye seva ya chuo, kalichukue mwenyewe

Mtu akipoteza faili kwenye folda yake ya chuo, hukimbilia kutupigia simu kitengo cha kompyuta. Ningependa kwanza aangalie kwenye snapshoti, yaani picha ya folda yake jinsi ilivyokuwa saa fulani, kwa sababu mara nyingi faili bado limo humo, na hahitaji ruhusa yangu kulichukua.

Seva yetu inatumia ZFS, mfumo wa mafaili uliotengenezwa Sun Microsystems na kutolewa kwa umma mwaka 2005. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Ukibadilisha aya moja, mabadiliko yanakwenda kuandikwa sehemu nyingine ya diski, na snapshoti kazi yake ni kuvizuia vile vipande vya zamani visiachiwe. Kupiga snapshoti moja ni suala la muda mfupi mno, ndiyo maana tunapiga kila saa mchana na nyingine usiku. Wala si jambo geni. Vyuo vingi vilivyotumia AFS, mfumo uliozaliwa Carnegie Mellon miaka ya 1980, vilimwekea mtumiaji folda ya OldFiles, ambamo alikuta mafaili yake yalivyokuwa usiku uliopita.

Juzi juzi alinipigia mhadhiri mmoja, mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, alama za wanafunzi zimevurugika zote." Alikuwa amepanga safu ya majina kwa alfabeti, safu ya alama ikabaki palepale, kisha akahifadhi na kufunga. Kila mwanafunzi sasa ana alama za mwenzake. Nikamwomba, "Mama, usihifadhi tena chochote. Bofya kitufe cha kulia juu ya folda, chagua Properties, halafu Previous Versions." Orodha ikatokea. Tukachagua ya 10:00, yaani saa nne asubuhi, kabla hajaanza kupanga.

Hapo ndipo watu wengi huharibu. Kitufe cha Restore kinairudisha folda nzima, na ndani ya folda ileile mama huyu alikuwa amerekebisha maswali ya mtihani mchana huohuo. Marekebisho hayo yangefutika. Kwa hiyo bonyeza Open, ingia ndani, nakili lile faili moja tu, kalibandike kwenye folda nyingine. Tuliyafungua mawili, la zamani na lililovurugika, akalinganisha majina matano ya mwanzo, akashusha pumzi. Mtihani wake haukuguswa.

Hiyo ni kwa Windows. Wanaotumia Linux waandike `cd ~/.zfs/snapshot`. Folda hiyo haionekani hata kwa `ls -a`, lazima uitaje kwa jina. Ndani utakuta folda zenye tarehe. Tumia `cp` kunakili unachotaka. Usiogope kuharibu kitu humo, kwani hapaandikiki.

Wanafunzi huniuliza pia: ikiwa nilichofuta bado kipo, nafasi yangu inaliwa? Diski ya seva ndiyo inayobeba mzigo huo. Kikomo chako cha nafasi tumekiweka kwa refquota, mpangilio wa ZFS ambao hauhesabu snapshoti, kwa hiyo ukifuta video unapata nafasi yako.

Lakini faili lililoandikwa saa tano na dakika kumi na kufutwa saa tano na nusu halikuwahi kuingia kwenye snapshoti yoyote. Hilo hata mimi siwezi kulirudisha. Tena snapshoti zinakaa kwenye diski zilezile za seva; diski zikifa, zinakufa nazo. Ndiyo sababu kila usiku tunazituma kwa amri ya `zfs send` kwenye mashine iliyo jengo jingine, na huko tunazihifadhi kwa muda mrefu zaidi.

Kama unachotafuta ni cha zamani na hakimo kwenye orodha yako, hapo nipigie. Niambie jina la folda, jina la faili hata likiwa nusu, na siku ya mwisho uliyoliona likiwa zima. Nikiwa na hiyo siku, najua pa kuanzia kutafuta.