Kumbukumbu ya mradi: kompyuta ya mafaili ilale, iamke ikiitwa

Lengo: kompyuta ya mezani inayoendesha Linux na kutunza mafaili ilale isipotumika, iamshwe kwa mtandao kutoka kwenye laptopu, na isijiamshe ovyo. Hali ya sasa: mambo yote matatu yanafanya kazi. Kiporo ni umeme unapokatika.

Kwanza saa, mtandao baadaye

"Haiamki" huficha matatizo mawili tofauti. Ama wito haukufika, ama ulifika na mashine ikafia njiani wakati wa kuamka. Ya kutenganisha ni hii:

sudo rtcwake -m mem -s 60

Mashine inalala, na baada ya sekunde 60 saa ya ndani inaiamsha bila kutegemea kadi ya mtandao wala kibodi. Ikirudi salama, achana na kerneli (kiini cha Linux), kamshughulikie mwamshaji, yaani wito wa mtandao. Feni zikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kerneli bado iko hai: ingia kwa ssh (amri ya kuingia kupitia mtandao) kutoka mashine nyingine usome journalctl -b (kumbukumbu za mfumo), ukianza kumshuku dreva (programu inayoendesha kifaa) wa kadi ya michoro. Taa ikigoma, mara nyingi kila kitu kimeganda, na hapo kuna jaribio la nusu usingizi:

echo devices | sudo tee /sys/power/pm_test

Ukiilaza sasa, vifaa pekee ndivyo vinavyolazwa, vinaachwa sekunde 5, kisha vinaamshwa. Ikikwama hapo, chunguza madreva kabla ya kuilaumu BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Linux). Ukimaliza andika none mahali pa devices, la sivyo mashine haitalala kikweli tena.

Tazama pia /sys/power/mem_sleep. Neno lililo ndani ya mabano ndilo linalotumika: deep ni usingizi wa S3 (mzito, ambapo karibu kila kitu huzimwa isipokuwa RAM), s2idle ni usingizi mwepesi unaokula umeme zaidi.

Wito wa mtandao

Pakiti ya kuamsha ni baiti 102: FF mara 6, kisha anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kadi ya mtandao ikirudiwa mara 16. Kadi haisomi kingine chochote, kwa hiyo hata bandari (kwa kawaida UDP 9) haina uzito. Hali ya kadi, ambayo hapa inaitwa enp3s0:

sudo ethtool enp3s0 | grep Wake-on

Mstari wa Supports ukiwa na herufi g (kuamka kwa pakiti hiyo), kadi inaweza. Mstari wa pili ukiwa na d, imezimwa. Iwashe kwa ethtool -s enp3s0 wol g. Kwa kawaida mpangilio huu haudumu mashine ikiwashwa upya, hivyo ukabidhi kwa NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux:

nmcli connection modify "Wired connection 1" 802-3-ethernet.wake-on-lan magic

Hitilafu inayopoteza watu muda ni hii: mashine inaamka ukiiita dakika chache baada ya kulala, asubuhi haisikii. Chanzo ni kutuma pakiti kwa IP yake, mathalani 192.168.1.20. Mashine iliyolala haijibu ARP (swali la "IP hii ina MAC gani?"), na mtumaji akishasahau MAC iliyo nyuma ya IP hiyo, pakiti haiondoki. Tuma kwa anwani ya matangazo (inayofikia mashine zote za mtandao huo), 192.168.1.255, na tatizo linakwisha. Kama bado kuna shaka, iache mashine ikiwa macho na uendeshe juu yake tcpdump udp port 9, inayoonyesha pakiti zinazofika. Pakiti isipoonekana hapo, kosa liko kwa ruta au kwa mtumaji.

Angalia pia tundu la waya mashine ikiwa imezimwa kabisa. Taa zikiwa zimekufa, kadi haipati umeme wa akiba. Zima ErP (mpangilio wa kubana umeme) kwenye BIOS.

Kujiamsha ovyo

Kulala na kuamka baada ya sekunde mbili kwa kawaida ni kazi ya kipanya. Orodha ya vinavyoweza kuamsha iko /proc/acpi/wakeup, na wengi huandika XHC (jina la kidhibiti cha USB) humo kuzima USB yote. Tatizo la njia hiyo ni kwamba kuandika jina hugeuza hali tu: skripti ikipita mara mbili, umeiwasha tena. Afadhali kumzima mkorofi peke yake:

echo disabled | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-4/power/wakeup

Hapo 1-4 ni tundu la kipanya. Kibodi inabaki na uwezo wa kuamsha. Kwenye Windows anza na powercfg /lastwake, halafu powercfg /waketimers. Kadi ya mtandao iruhusiwe kuamsha kwa pakiti maalumu pekee, vinginevyo gumzo la kawaida la mtandao litaiamsha usiku kucha.

Kiporo

Umeme ukikatika, kadi nyingi husahau kwamba ziliambiwa zisikilize, na hazikumbuki mpaka mfumo uwake angalau mara moja. Ukarabati unaojaribiwa: BIOS iwekwe iwashe mashine umeme ukirudi, NetworkManager iitayarishe kadi, kisha taima ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye OnBootSec=10min, yaani dakika 10 baada ya kuwaka, iilaze mashine.