Mgebuka Aliyevaa Kitenge

Toka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200. Tabora wanakata mabehewa, mengine yanaelekea Mwanza, na wewe unabaki dirishani na asali uliyouziwa. Nilishuka na vipande sita vya hadibodi, makopo ya rangi ya mafuta, na mkono uliozoea twiga. Miaka tisa nimewachorea watalii picha za mtindo wa Tingatinga: rangi ya nyuma, mnyama, madoa, sahihi. Haya, mwingine.

Wenzangu wanne walikuwa wamepanga nyumba Katonga, kando ya ziwa. Tulichangia unga na dagaa, kila mtu anachora anapotaka. Wiki ya kwanza nikachora samaki. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa akasogea.

"Mwanangu, huyu samaki gani?"

"Mgebuka, mama."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mgebuka kavaa kitenge!"

Rangi zikaniishia, ikabaki nyeusi na njano kidogo. Nikasaga udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba, nikauchanganya na mawese, maana hayo Kigoma hayakosi. Ikatoka rangi tamu mno. Siku ya nne bado mbichi. Siku ya kumi imenasa nzi wawili. Mzee mmoja fundi wa mitumbwi akanitazama kwa huruma: "Wewe ulishaona mawese yakikauka?" Akanimiminia gundi nyeupe ya mbao. Jioni ileile udongo ukashika.

Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, miaka ya mwisho ya 1960 alichukua rangi ya baiskeli na vipande vya hadibodi. Sisi tumebaki kunakili wanyama wake, ule uokotaji wake tumeuacha.

Ila kilichonigeuza hasa ni giza. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi inatoka jioni na taa zake. Nilikaa mchangani nikizihesabu. Nikifika thelathini, moja inazimika, naanza upya. Kesho yake nikapaka ubao mzima mweusi, chini ukanda wa udongo, juu nukta za njano kwa ncha ya kijiti. Madoa yaleyale ya chui. Sikuchora samaki hata mmoja.

Yule mama akaja, akasimama kimya, kisha akagusa nukta ya pembeni. "Huyu kaenda mbali sana. Mwambie arudi."

Ubao wa mawese ninao mpaka leo. Ukiugusa, kidole kinatoka chekundu.